SVM yangu kila samaki inamwita changu

SWALI: Shikamoo mjibu maswali. Niko Ngamiani hapa Tanga, nasoma chuo, mradi wangu ni kompyuta itofautishe changu na tasi. Nimepima samaki 200 pale soko la samaki la Deep Sea, nusu kwa nusu, uzito kwa gramu, urefu na upana wa ubavu kwa milimita. Nikatumia SVM (njia ya kuifundisha kompyuta kutenganisha makundi) yenye keneli, yaani kipimo cha kufanana, ya RBF, gama 1, C 1, namba hizo za mipangilio nilikopi kwa jamaa darasani. Hao 200 inawapatia wote, ila nikileta wapya 50 karibu wote inasema changu! Niongeze samaki au nibadili keneli?

JIBU: Marahaba mwanangu. Samaki wanatosha na keneli iache, shida ni hiyo gama ya kukopi. RBF inauliza tu hawa wawili wanafanana kiasi gani, inachukua tofauti ya kila kipimo inaipiga kipeo cha pili, inajumlisha, inazidisha na gama (ikiwa kubwa, undugu unafifia haraka), halafu e, ile namba 2.718, inapandishwa kwa hasi ya hiyo namba, pacha wanapata 1 na wasiofanana wanakaribia 0. Sasa shika changu wawili waliopishana gramu 30, hata mama wa mezani bei anakupa moja. 30 kwa 30 ni 900, na e kwa hasi 900 kompyuta inaandika sifuri. Yaani changu na changu mwenzie hawajuani! Kila samaki yuko kisiwani peke yake, modeli imewakariri 200 mmoja mmoja, akija mgeni hana ndugu hata mmoja basi inamtupia jibu lile lile.

Anza na skeli: kila kipimo toa wastani, gawa kwa mchepuko sanifu (namba inayoonyesha vipimo vimetawanyika kiasi gani kutoka wastani), na hizo namba mbili zitoke kwa wale 200 peke yao. Mchepuko wa uzito ukiwa gramu 60, zile 30 zinakuwa 0.5, kipeo chake 0.25, na kwa gama ile ile 1 uzito peke yake unatoa kama 0.78. Undugu umerudi.

Kisha gama itafute pamoja na C, maana zinavutana. C ni ukali wa adhabu kwa kosa, ikiwa kubwa sana modeli inang'ang'ania hata samaki uliyempima vibaya. Usijaribu 1, 2, 3, ruka kwa mara kumi: 0.01, 0.1, 1, 10, 100 kwa zote mbili, ni jozi 25. Wale 200 wagawe mafungu 5 ya 40 yaliyochanganywa, fundisha kwa manne pima kwa la tano, zunguka, mara 125 jumla na chai haijapoa imemaliza. Wale 50 usiwaguse mpaka umeshachagua, wengi wanaharibu hapo. Ukiwa mvivu, scikit-learn, maktaba ya Python yenye SVM, inajiwekea gama yenyewe usipoitaja, kwa vipimo vyako vitatu baada ya skeli inakuja kama 0.33, sio mbaya kuanzia.

Na jozi bora ikiangukia ukingoni, tuseme C 100, ongeza 1000 na 10000 urudie.