Kuhama Kaunti na Kibali cha Bastola: Masuali Yenu na Majibu

Suali: Assalaam alaykum, wahariri. Mwanangu yuko Marekani, jimbo la Minnesota. Ana grini kadi, ile ya ukaazi wa kudumu, na ana kibali cha kubeba bastola iliyofichwa alichopewa alipokuwa akikaa Minneapolis. Tarehe 1 mwezi wa tatu amehamia St. Cloud kwa sababu ya kazi. Wenzake wamemwambia kibali kimekufa kwa kuwa sasa yuko kaunti nyingine, na yeye kila nikimpigia simu huniambia "nitashughulikia, mama." Ni kweli kimekufa? Na aanze wapi?
*Bi M., Mkomani, Lamu*

Jibu: Waalaykumu salaam, Bi M. Kibali hakijafa. Minnesota ina kaunti 87, na kibali kinachotolewa na kaunti moja kinatumika jimbo zima mpaka muda wake uishe, nao ni miaka 5. Ila "nitashughulikia" hiyo ina mwisho wake, kwa sababu siku zinahesabiwa tangu alipohama, si tangu atakapopata nafasi.

Tuanze na lile ambalo wengi hulisahau na ndilo zito kuliko yote. Mwanao si raia bado, ana grini kadi. Mgeni anayeishi Marekani akibadilisha makazi anatakiwa aijulishe idara ya uhamiaji, USCIS, ndani ya siku 10. Fomu yake inaitwa AR-11, inajazwa kwa intaneti. Kwake yeye siku ya kumi ni tarehe 11 mwezi wa tatu. Hili halihusu bastola hata kidogo, lakini adhabu yake inaweza kufika kwenye ukaaji wake nchini, na kibali chenyewe kinasimama juu ya ukaaji huo, maana Minnesota hutoa kibali kwa raia au mkaazi wa kudumu tu. Kama siku hizo zimeshapita, aijaze leo hii. Kuchelewa ni afadhali kuliko kunyamaza.

Sasa kibali. Sheria ya jimbo inampa siku 30 kumjulisha sherifu kwamba anwani imebadilika, yaani mpaka tarehe 31 mwezi wa tatu. Sherifu, msije mkamchanganya na sharifu wa kwetu, ni mkuu wa polisi wa kaunti, na watu wa kaunti humchagua kwa kura. Hapa ndipo wengi wanapokosea: taarifa inakwenda kwa sherifu *aliyetoa* kibali. Minneapolis iko kaunti ya Hennepin, kwa hiyo taarifa ya mwanao inakwenda Hennepin, ijapokuwa ameshaondoka huko. Akienda kwa sherifu wa kule alikohamia akaeleza kwa mdomo tu na kurudi nyumbani, kule kilikotoka kibali hakuna kilichoandikwa.

Taarifa iwe ya maandishi, hata kama ofisini watamsikiliza kwa simu. Aandike jina kamili kama lilivyo kwenye kadi ya kibali, tarehe ya kuzaliwa, namba ya kibali, anwani ya zamani, anwani mpya pamoja na jina la kaunti mpya, na siku aliyohama. Abaki na nakala. Akituma kwa posta, aweke risiti pamoja na nakala ile.

Jina la kaunti mpya tumelitaja kwa makusudi. Mji wa St. Cloud umekalia kaunti tatu: Stearns, Benton na Sherburne. Mto Mississippi unapita katikati. Upande wa magharibi ni Stearns, ng'ambo ya mashariki ni Benton na Sherburne. Mtu anaweza kuvuka daraja tu akawa chini ya sherifu mwingine, na anwani zote mbili zikaandikwa St. Cloud. Kwa hiyo asikisie. Aitazame kaunti kwenye mkataba wa nyumba au aulize ofisi ya mji.

Baada ya taarifa kuna suala la kadi. Kadi ya Minnesota ina maneno machache: jina, makazi, na namba ya leseni ya gari au ya kitambulisho cha jimbo. Haitaji bastola yoyote, kwa hiyo hakuna silaha ya "kuhamishiwa" kaunti mpya. Kuchukua kadi mpya yenye anwani mpya ni hiari yake. Sheria inasema anaweza kuipata kwa dola 10. Sisi tunashauri aichukue. Askari akimsimamisha barabarani ataomba kadi pamoja na leseni ya gari au kitambulisho chengine chenye picha, na anwani mbili zisizofanana huzaa masuali mengi kando ya barabara usiku. Kuna unafuu mmoja: anayeomba kadi mpya kwa sababu ya kuipoteza anatakiwa alete tamko lililothibitishwa na mthibitishaji wa viapo, lakini anayebadilisha anwani hatakiwi. Karani akimdai tamko hilo, amwambie kwa upole kwamba yeye hakupoteza kadi, amehama.

Leseni ya gari nayo ina siku 30 zake, na ofisi yake ni nyingine kabisa. Kumjulisha sherifu hakubadilishi leseni, na kubadilisha leseni hakumfikii sherifu. Kwa maoni yetu aanze na leseni, kwa sababu hiyo ndiyo itakayoombwa pamoja na kadi kila mahali.

Akipitisha siku 30 bila kumjulisha sherifu, ni kosa dogo, na faini ya mara ya kwanza haizidi dola 25. Msiogope kiasi cha kuficha. Apeleke taarifa hata kama amechelewa.

Mawili zaidi, Bi M. Umeandika "bastola iliyofichwa." Kibali cha Minnesota ni cha kubeba bastola, hakilazimishi ifichwe. Na askari akimuuliza kama ana silaha wakati huo, sheria inamtaka ajibu ukweli. Mikono ionekane, ajibu kwanza, atoe kadi baadaye.

Muda wa kuhuisha ukifika, hapo ndipo mambo yanahamia kwa sherifu wa kule anakoishi, si Hennepin tena. Maombi hupokelewa kuanzia siku 90 kabla ya kibali kumalizika. Ada ya kuhuisha haizidi dola 75. Akichelewa asizidi siku 30 baada ya kumalizika, ataongeza dola 10. Akipitisha hizo, anaanza upya kama mtu ambaye hakuwahi kuwa na kibali, kwa ada inayoweza kufika dola 100. Na asisahau mafunzo: cheti cha mkufunzi kinatakiwa kiwe cha ndani ya mwaka mmoja kabla ya maombi. Cheti kile cha miaka 5 iliyopita hakifai.

Suali: Shemeji yangu yuko California na rafiki yangu yuko Texas, wote wana vibali vya bastola. Wakihama kaunti, wafuate utaratibu huo huo wa Minnesota?
*S.A., Shela, Malindi*

Jibu: La. Kila jimbo lina sheria yake, na California ndiyo ya kuangaliwa sana.

California, shemeji yako anatakiwa amjulishe kwa maandishi aliyempa leseni ndani ya siku 10 za kuhama. Kisha kuna jambo ambalo Minnesota haliko: kama alipewa leseni kwa msingi kwamba anaishi katika kaunti ile, basi leseni hiyo inakufa siku 90 baada ya kuhama kaunti. Hakuna wa kumletea onyo. Siku ya 91 akiibeba bastola yake, anabeba bila leseni, ijapokuwa kadi mkononi inaonyesha bado ina mwaka mzima. Kwa hiyo aombe leseni katika kaunti mpya mapema, na asiziweke siku 90 kama siku za kupumzika. Leseni mpya California inahitaji mafunzo yasiyopungua saa 16, na uchunguzi wa mwombaji huchukua muda wake. Siku 90 zikimalizika kabla jibu halijatoka, bastola ibaki nyumbani imefungiwa. Tena leseni ya California hutaja silaha yenyewe, basi ahakikishe namba iliyochongwa kwenye chuma inalingana na iliyo kwenye maombi, tarakimu kwa tarakimu.

Texas ni rahisi zaidi. Kule leseni hutolewa na idara ya usalama ya jimbo, kaunti haimo. Rafiki yako aijulishe idara hiyo ndani ya siku 30.

Suali: Mimi nina cheti cha bunduki hapa hapa Kenya. Nahama kutoka Hindi, Lamu, naenda kukaa Malindi. Niende ofisi ya kaunti ya Kilifi? Na ndugu yangu aliye Marekani aweza kuja likizo na bastola yake kwa kibali cha huko?
*H.O., Hindi*

Jibu: Ndugu H.O., neno "kaunti" linawachanganya wengi. Kaunti zetu 47 zina gavana, zinatoa vibali vya biashara na leseni za vileo, lakini hazina mamlaka juu ya silaha. Silaha ni kazi ya serikali ya taifa. Cheti chako kiko chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na mwenye kukitoa ni Bodi ya Leseni za Silaha. Kinatumika kwa mwaka mmoja, kisha huhuishwa. Kutoka Lamu kwenda Kilifi hakukifuti.

Lakini kitoe sandukuni ukisome. Cheti kina masharti yaliyoandikwa, na sheria yenyewe inasema kukiuka sharti ni kosa, sawa na kuwa na silaha nje ya idhini uliyopewa. Iandikie Bodi anwani yako mpya kabla hujapakia vyombo, na barua hiyo igongwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Ukifika Malindi, jitambulishe katika kituo cha polisi kilicho karibu nawe.

Siku ya safari, usiiweke bunduki kwenye lori la mizigo ukaifuata kwa basi. Sheria inakutaka uihifadhi salama wakati wote na isifikiwe na mtu asiye na haki nayo, na turniboi hana haki nayo. Barabara ya Lamu mpaka Garsen ina vizuizi vya ukaguzi. Safiri na cheti halisi, si picha ya kwenye simu. Hesabu risasi kabla hujatoka: zisizidi idadi iliyoandikwa kwenye cheti.

Ndugu yako aiache bastola yake huko aliko. Kibali cha Marekani, kiwe cha kaunti au cha jimbo, hakina nguvu yoyote Kenya, na akishuka nayo Mombasa au Nairobi bila idhini ya hapa atakamatwa pale pale uwanja wa ndege.