Usikimbilie 5/2 kabla elektroni nne hazijakutii

Juzi msomaji mmoja ameniandikia: anataka aanze moja kwa moja na hali ya 5/2 ya athari ya Hall ya kwantumu (elektroni kwenye tabaka jembamba chini ya sumaku kali; sehemu kama 5/2 ni uwiano wa elektroni kwa flaksi) kwa DMRG, mbinu ya kompyuta inayokadiria hali ya chini kabisa kwa kuhifadhi hali muhimu tu, kwenye silinda ndefu, kwa sababu eti hesabu za tufe dogo zimepitwa na wakati. Maneno hayo nayajua. Niliambiwa hivyo hivyo kwenye semina, mbele za watu, na mtu niliyemheshimu sana, na mpaka leo yananichoma.

Siku hizo tulikuwa na elektroni sita kwenye tufe la Haldane, lenye usumaku unaotoka katikati, na flaksi 9 (mafungu tisa ya usumaku yanayopita usoni mwake). Nishati ya chini kabisa ilikaa L=0 (msukumo-zungushi sifuri), pengo safi hadi hali inayofuata, na wenzangu wakataka tutangaze hali ya Moore-Read, ile inayopendekezwa kueleza 5/2. Kweli, kwa elektroni N, hali hiyo inadai flaksi 2N−3, yaani 9. Lakini hali ya 2/3 inadai 3N/2, nayo ni 9 vilevile! Flaksi 9 hutoa orbitali kumi, yaani nafasi za elektroni; elektroni sita huacha matundu (nafasi tupu) manne, na matundu manne kwenye flaksi 9 ndiyo hali ya Laughlin ya 1/3 yenyewe, inayodai flaksi 3(N−1). Nikang'ang'ania twende elektroni nane, ambako moja inataka 13 na nyingine 12. Wakasema nachelewesha kazi. Sikulegeza, na ninajivunia hilo.

Kwa hiyo, ndugu yangu, anza na 1/3. Weka V1 peke yake (msukumano wa jozi za elektroni zilizokaribiana zaidi), flaksi 3(N−1). Hali ya Laughlin ya mwaka 1983 lazima itokee moja tu, nishati sifuri. Ukipata 0.02, kosa liko kwenye msimbo; usilitafutie visingizio vya fizikia. Kwa elektroni nne, Lz=0 (msukumo-zungushi sifuri kwenye mhimili wa z) ina hali 18 tu, unaziandika kwa mkono. Zikikubali, ongeza. Elektroni 10 kwenye orbitali 28 hupangika kwa njia 13,123,110, ila Lz=0 hubakiza 246,448, na Lanczos, mbinu ya kutafuta nishati za chini za matriki kubwa, huzimudu bila shida.

DMRG naipenda, naitumia. Lakini nayo ipe V1 kwanza. Inaweza kunasa kwenye hali isiyo ya chini kabisa na ikakupa namba zilizotulia vizuri. Badilisha hali ya kuanzia, ongeza idadi ya hali unazohifadhi, kisha panua mzingo wa silinda, maana ufungamano wa kikwantumu (entanglement) hukua pamoja nao. Pengo likiyumba kila unapopanua, bado huna la kuandika.