Kabla Hujamnunulia Mtoto Dawa ya Mafua

Mwanangu wa kwanza alipokuwa na miezi minane, kila aliyempakata pale Majengo, Mombasa, alisema, "Mashaallah, kanona!" Nami nikifurahi. Leo ana miaka tisa, akipanda ngazi anahema, na daktari ametuambia uzito wake umepita kimo chake.

Katika yote ninayoyakumbuka nikiwaza unene wake, chupa za dawa ndizo zinazoniuma. Kila akipiga chafya nilikimbilia duka la dawa nikauziwa amoksilini ya maji bila cheti. Hajatimiza mwaka, alikuwa keshamaliza chupa tano. Na mafua huletwa na virusi! Amoksilini haiui virusi, inaua bakteria, wakiwemo wale wa tumboni ambao mtoto anawahitaji.

Mama mwenzangu, maziwa yako yana sukari ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya. Ni riziki ya bakteria wake, hasa bifidobakteria. Nilipolijua hili nilikaa kimya kitambo: Mungu kamtilia mtoto posho yake, na ya wageni wake pia. Wageni hao huanza kuingia siku ya kuzaliwa, na huchukua kama miaka mitatu kutulia. Ukiwavuruga mapema, athari yaweza kudumu. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha New York walichapisha matokeo ya panya waliopewa penisilini kidogo, dawa ya jamii moja na amoksilini, wakiwa wachanga. Dawa ilikatwa, bakteria wakarejea, lakini panya wale bado walinenepa kuliko wenzao.

Mtoto si panya, najua. Kwa watoto, tafiti kadhaa zimeona uhusiano kati ya antibiotiki (dawa za kuua bakteria) za mapema na unene, ila uhusiano peke yake si ushahidi kwamba dawa ndiyo chanzo. Kwangu mimi, soda na viazi karai vya kila jioni vina fungu lao.

Basi usimnyime mtoto dawa daktari akikuta nimonia. Mpe kama alivyoandikiwa mpaka iishe. Ila muulize daktari, "Ugonjwa huu ni wa bakteria au wa virusi?" Miezi sita ya mwanzo mpe ziwa tu, hata maji ya sukari usimwonjeshe. Kama ulijifungua kwa upasuaji, lishikilie zaidi ziwa, maana watoto hao mara nyingi huanza na bakteria tofauti na wale waliopita njia ya kawaida. Akianza kula, mzoeshe mbaazi, kunde, mchicha na uji wa wimbi. Nyuzinyuzi zake huwalisha bakteria.

Mwanangu wa pili alipopata mafua, mavyaa wangu aliniuliza kwa nini sijamnunulia dawa. Nikamwambia, "Mama, anapumua vizuri na ananyonya. Akibadilika tu, tunakwenda hospitali." Nikamsafisha pua kwa maji ya chumvi, nikamnyonyesha usiku kucha. Siku ya tano akaamka anacheka.

Kaka yake sasa tunatembea naye jioni kule Mama Ngina, kando ya bahari. Amezoea kubeba chupa yake ya maji.