Mafuta ya maganda na mafuta ya majani ya mchungwa si kitu kimoja jamani

Wengi wanaoniuliza kuhusu mafuta ya kunukiza sabuni wanadhani ukishapata ya mchungwa basi, ganda au jani yote sawa. Hapana ndugu zangu. Hata mti ukiwa huohuo mmoja, ganda lina vyake na jani lina vyake, na usipojua tofauti utawaharibia wateja ngozi.

Chukua chungwa la Muheza, menya, lipinde ganda bichi karibu na mshumaa uone cheche zinavyoruka, yale ndo mafuta yenyewe. Zaidi ya asilimia 90 yake ni limonini, kemikali ya asili inayopatikana kwenye maganda hayo. Limau lina limonini pungufu, ila lina sitrali na ndo inayoleta ile harufu ya limau, hiyohiyo imejaa kwenye mchaichai. Limonini inakata mafuta na kutoa gundi vizuri sana, kwa sabuni ya vyombo mimi siitafutii mbadala. Shida yake haipendi hewa, mwanga wala joto, ikikaa ovyo inaungana na oksijeni na hapo ndo inaanza kuwasha watu ngozi. Weka kwenye chupa ya kioo ya kahawia, ijae hadi shingoni, iweke kwenye friji, na plastiki laini achana nayo maana inailainisha.

Sasa majani. Inua jani la mdanzi, yaani mchungwa mchungu, juani utaona vidoa vidogo vinapitisha mwanga, ni vifuko vya mafuta. Humo limonini ni kidogo tu, kilichotawala ni kemikali za harufu ziitwazo linaloli na linalili asetati, zilezile zilizojaa kwenye lavenda, ndo maana harufu yake imetulia na wenye viwanda vya manukato wanaitafuta mpaka Paraguay. Kwa sabuni ya kuogea mi nachagua hii bila kufikiria mara mbili, japo lazima uyapate kwa mvuke, kukamua jani hupati kitu.

Na hili naomba mlishike: mafuta ya ganda la ndimu au limau yaliyokamuliwa bila mvuke yana kemikali ziitwazo furanokumarini, ukipaka ukatoka juani unaweza kupata malengelenge na madoa meusi ya kukaa miezi. Ya mvuke karibu hayana kabisa, kwa sababu furanokumarini ni nzito hazipandi na mvuke. Kwahiyo kabla hujalipa muulize muuzaji yamekamuliwa au ya mvuke, akishindwa kujibu tumia kusafishia sinki tu, mwilini usipake.