Maswali ya Wasomaji: Moto wa Jikoni, Nyumba ya Mbao na Gesi ya Kivu

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho hapa Goma, na memwari yangu (kazi ya kuhitimu) inahusu mji endelevu na nishati yake. Vitabu nilivyopata vinaeleza treni za umeme na maghorofa ya vioo ambayo sisi hatuna. Nianzie wapi? (Mwanafunzi, Himbi)

JIBU: Ndugu mwanafunzi, anzia jikoni. Sehemu kubwa ya nishati ya kaya zetu haipiti kwenye waya wowote. Ni makala, yaani makaa ya miti: huingia mjini ndani ya magunia, juu ya malori na chukudu (baiskeli za mbao za kusukuma), ikaishia kwenye mbabula, jiko letu la makaa. Mtafiti anayehesabu megawati peke yake atakuwa ameuacha mji wenyewe nje ya daftari lake.

Chagua kaya chache katika kata moja, kwa mfano Katoyi au Majengo, uombe ruhusa ya mama mwenye nyumba, kisha upime. Gunia la makala huuzwa kwa macho, si kwa mizani, na kile kilemba kinachofungwa juu kwa majani na kamba huwa kirefu leo na kifupi kesho kwa bei ileile. Kwa hiyo jibu la "gunia moja kwa mwezi" halikusaidii sana. Pima makala asubuhi kabla ya moto kuwashwa, pima tena yaliyobaki usiku, wiki nzima, na uandike kilichopikwa, maana siku ya maharage hailingani na siku ya bugali (ugali) na sambaza (samaki wadogo wa ziwani).

Ukishapata kilo zako, hesabu inafunguka. Kilo moja ya makala ina nishati ya karibu kilowati-saa 8, lakini katika mbabula ya bati tupu ni kama sehemu moja tu kati ya tano inayofika kwenye sufuria. Nyingine inapotea pembeni. Kabla ya hapo, tanuru la udongo huko yanakochomwa limekwisha kula kilo 5 hadi 10 za kuni kwa kila kilo ya makala, na kuni nyingi za namna hiyo zimetoka katika Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925. Ndiyo maana mradi wa EcoMakala, ulioanza mwaka 2007, ulishughulikia miti ya kupandwa kwa ajili ya makala pamoja na mbabula zinazotunza moto.

Swali ambalo mimi ningelipenda ulijibu ni hili: kaya ikipata umeme, je, huacha makala? Kituo cha umeme wa maji cha Matebe huko Rutshuru, chenye megawati 13.6, kilizinduliwa mwishoni mwa 2015, na baadaye umeme wake ukafika Goma. Kuwasha taa na kuchaji simu ni jambo moja, kuivisha maharage ni jingine. Hata hivyo sufuria ya umeme ya presha huivisha maharage kwa chini ya kilowati-saa moja. Linganisha gharama hiyo na ya makala ya chungu kilekile, kwa bei za wiki hiyohiyo, na uulize pia fedha za kununua sufuria yenyewe zinatoka wapi, kwa sababu anayenunua makala kidogo kidogo kila jioni mara nyingi hana fedha za mkupuo. Jibu la hapo litawafaa watu wa mji huu kuliko sura nzima juu ya treni.

SWALI: Nyumba yetu ni ya mbao, imesimama juu ya mawe ya lava. Watoto wanaiona aibu na wanataka tujenge kwa matofali ya saruji. Mnashauri nini? (Mama mmoja, Goma)

JIBU: Mama, nyumba hiyo si aibu. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji hadi ziwani, na watu wapatao 120,000 wakabaki bila makao; tarehe 22 Mei 2021 ilishuka tena, ikasimama si mbali na uwanja wa ndege, na matetemeko yakafuata kwa siku kadhaa. Katika mahali kama hapa, nyumba nyepesi, isiyodai msingi wa kuchimbwa kwa nyundo na mtarimbo, ambayo yaweza kubomolewa ubao kwa ubao na kusimamishwa kwenye kiwanja kingine, ni ujenzi wenye akili.

Hatari yake kubwa ni moto, kama wanavyojua wenzetu wa Bukavu. Jiko liwe nje, mbali na ukuta wa jirani, na nyaya zipite ndani ya mabomba, zisigongomelewe juu ya ubao. Inua sakafu kwa mawe ya lava hadi magotini ili mbao za chini zisioze. Zaidi ya yote, asilale mtu penye bonde au shimo, hasa upande wa magharibi wa mji, kwa kuwa mazuku ni hewa ya kaboni dioksidi iliyo nzito kuliko hewa ya kawaida, hukusanyika chini, na huua bila harufu.

SWALI: Kwa nini gesi ya Ziwa Kivu haiuzwi kwenye mitungi? (Msomaji, Kyeshero)

JIBU: Ziwa lina kilomita za ujazo zipatazo 60 za methani iliyoyeyuka kwenye maji ya kina. Gesi ya mitungi inayouzwa madukani ni propani na butani, ambazo hugeuka kimiminika kwa mgandamizo mdogo. Methani haikubali hivyo katika joto la kawaida, bali hudai mgandamizo wa takriban mara 200 wa ule wa hewa, na mtungi wa chuma kizito. Kwa hiyo ni rahisi zaidi kuichoma palepale ufukweni na kuuza umeme, kama kinavyofanya kituo cha KivuWatt huko Karongi, Rwanda, chenye megawati 26, kilichozinduliwa mwaka 2016. Maji yakishatolewa gesi hurudishwa chini kwa uangalifu, ili matabaka ya ziwa yasivurugike.