Maswali yenu: karatasi ya bei nafuu ya kuungia viraka

Tangu tulipoeleza hapa namna ya kuunga viraka juu ya karatasi, maswali mengi mliyoleta yanagusa jambo moja: karatasi inayoonyesha upande wa pili, na isiyoumiza mfuko. Kwa aliyeikosa makala ile: umbo, tuseme nyota, huchorwa kwenye karatasi na kila kipande hupewa namba. Vitambaa hukaa upande wa nyuma usio na mchoro, kimoja baada ya kingine kwa kufuata namba, na sindano hupita juu ya mstari kwa upande wa mchoro. Kazi ikiisha, karatasi huchanwa. Kinachobaki ni ncha za nyota zilizo kali na sawa, ambazo hata fundi mzoefu hupata taabu kuzipata kwa macho tu. Kwa kuwa kitambaa kiko nyuma, ni lazima ujue kama kimefunika mstari na kikabakiza robo inchi ya mshono. Hapo ndipo watu wanapotaka karatasi inayoonyesha.

Shikamoo mwalimu. Nimeona mtandaoni karatasi maalumu ya kazi hii inauzwa Marekani, ila gharama ya kuisafirisha inazidi bei yake. Huku kwetu nitafute nini? (Msomaji, Mombasa)

Marahaba. Usiiagize. Anza na karatasi ya kawaida ya fotokopi. Rimu nyingi madukani ni za gramu 80, yaani uzito wa karatasi kwa kila mita ya mraba. Ukipata ya gramu 70 au 60, chukua hiyo, maana ni nyembamba zaidi na inachanika bila ugomvi. Shona mchana, ukae karibu na dirisha. Kila unapoweka kipande, inua karatasi uelekeze kwenye mwanga: kivuli cha kitenge kitaonekana vizuri, na mstari pia. Usiku, tochi ya simu chini ya kioo inatosha.

Kama bado unataka inayoonyesha zaidi, nenda stesheneri wanakonunua wanafunzi wa ramani na uchoraji, uombe karatasi ya tresingi iliyo nyepesi, ya gramu 40 hadi 60 hivi. Ile ya gramu 90 wanayotumia wasanifu majengo iache. Inaonyesha vizuri mno, lakini utajuta siku ya kuichana. Karatasi hii hupitisha mwanga kwa sababu nyuzi zake zimepondwa sana kiwandani, zikashikana hadi nafasi za hewa kati yake zikakaribia kwisha. Kushikana huko huko ndiko kunakoipa nguvu, nayo ikichanwa huvuta mshono wako. Kwa hiyo kuonyesha na kuchanika ni sifa mbili zinazovutana, na mimi siku zote huchagua kuchanika.

Ukinunua kwa roli, piga hesabu kabla ya kusema ni ghali. Roli la upana wa sentimita 91 na urefu wa mita 20 linatoa hadi karatasi 285 za ukubwa wa A4. Gawa bei kwa idadi hiyo, kisha linganisha na pakiti ndogo zilizokatwa tayari.

Mimi ni fundi, natumia cherehani ya miguu. Printa huku hakuna na fotokopi iko mjini. Mfarishi wangu una nyota 30, kila nyota karatasi nne. Kweli nichore zote 120 kwa mkono? (Makambako)

Hapana, dada. Chora moja tu, na cherehani yako itanakili zilizobaki.

Toa uzi wa juu na wa chini. Weka sindano kuukuu, kwa sababu karatasi hula makali ya sindano na hutaki kuharibu nzuri. Panga karatasi sita au nane zikiwa sawa, yenye mchoro iwe juu, uzibane kwa stapla kwenye pembe, mbali na njia ya sindano. Sasa pitisha sindano juu ya kila mstari, taratibu, kama unayeshona kweli. Ukizitenganisha, kila karatasi ina mchoro kamili wa vitundu. Andika namba za vipande kwa penseli kabla hujazichanganya na za nyota nyingine.

Njia hii naipenda kuliko zote, hata kwa mwenye printa. Vitundu vinaonekana na kushikika kwa kidole pande zote mbili, kwa hiyo suala la karatasi kuonyesha linakwisha lenyewe. Hata karatasi ya kaki ya kufungia bidhaa, ikiwa nyembamba, inafaa. Hakuna wino wa kuchafua kitambaa cheupe. Na kwa kuwa mstari umetobolewa tayari, karatasi inaachia kwa kuvutwa kidogo tu.

Angalia jambo moja: upande. Karatasi ikigeuzwa, mchoro nao unageuka, wa kulia unakuwa wa kushoto. Kwa nyota iliyo sawa pande zote haidhuru. Kwa ndege, jahazi au herufi, utapata kitu kinachotazama kwingine. Upande sindano ilikoingilia ni laini, ilikotokea una vijinundu. Andika namba zote upande ulio laini na hutakosea.

Nafanya kazi kliniki hapa Minneapolis, Marekani. Ile karatasi inayotandikwa juu ya kitanda cha kupimia wagonjwa naiona nyembamba na inaonyesha. Inafaa?

Inafaa sana, na washonaji wengi wa huko huitumia, hata kwa kuchorea patani za nguo. Huuzwa kwa roli, mara nyingi la upana wa inchi 18 au 21 na urefu wa futi 225, yaani kama mita 69. Zipo za aina mbili. Nunua iliyo laini, si ile yenye mikunjo, kwani mikunjo huifanya itanuke na mchoro ukapotea vipimo. Peke yake ni nyepesi mno kupita kwenye printa. Iweke juu ya mchoro, unakili mistari kwa penseli na rula, au tumia sindano bila uzi kama nilivyomweleza dada wa Makambako.

Karatasi ya kuokea keki je? Na ile ya nta?

Ya kuokea inaonyesha vizuri na haiogopi pasi, lakini ina silikoni juu yake na wino wa printa haushiki. Utaukuta kwenye kitambaa. Itumie kwa vitundu au penseli laini. Ya nta iache kabisa, kwa sababu nta huyeyuka ikikutana na joto la pasi, na ndani ya printa ya leza inaweza kuleta hasara kubwa. Na zile karatasi laini za rangi, za mapambo na tiara, zikipata unyevu hutoa rangi. Nyeupe yake inafaa kwa kazi ndogo.

Gazeti la jana?

Hapana. Wino wake hupaka kitambaa. Karatasi ya gazeti ambayo haijachapwa ni nzuri kweli, basi kama unaishi karibu na kiwanda cha uchapaji, waulize mabaki ya mwisho wa roli.

Nikichana karatasi, nyuzi zinafumuka. Kosa liko wapi? (Msomaji, Kigoma)

Hatua ya mshono wako ni ndefu. Ishushe hadi milimita 1.5 na tumia sindano namba 90/14, ambayo ni nene kidogo na hutoboa tundu kubwa zaidi. Usishuke sana chini ya hapo, maana karatasi itakatika kabla ya wakati. Wakati wa kuchana, kunja karatasi kwanza kwenye mstari, bana mshono kwa kidole gumba, kisha vuta kwa upande. Piga pasi kavu, bila mvuke, ili karatasi isijikunje.

Nilipakua mchoro wa inchi 6, stesheneri wakanichapia, lakini kila kipande kimetoka kidogo. Kwa nini?

Michoro ya Marekani imepangwa kwa karatasi yao yenye upana wa sentimita 21.6. A4 yetu ina 21, kwa hiyo kompyuta huibana ienee. Inchi 6 ni sentimita 15.24, ikibanwa hivyo inabaki 14.8 hivi. Vipande kumi vikiungana umepoteza zaidi ya sentimita nne. Mwambie mchapaji aweke asilimia 100, kisha pima kwa rula ile alama ya inchi moja iliyo pembeni ya mchoro: iwe sentimita 2.54.

Nikiiacha karatasi ndani, mfarishi hautapata joto zaidi?

Utafuliwa mara moja na karatasi igeuke uji, halafu mabonge. Uingereza ipo mifarishi ya zamani ambayo karatasi zake bado zimo, barua na hesabu za watu zilizokatwa vipande, lakini hiyo haikuwa ya kufuliwa kila wiki. Ukitaka kitu kinachobaki ndani na kuongeza uzito, chora juu ya bafta nyembamba badala ya karatasi. Mistari inaonekana pande zote mbili, na huchani chochote. Iloweke na uikaushe kwanza, ili kama ni ya kusinyaa isinyae kabla hujachora.