Hilux 3L haiwaki asubuhi: usikimbilie kushusha pampu

Mkuu, umesema Hilux yako ya 3L inasumbua kuwaka asubuhi, mchana inawaka kwa kugusa tu, fundi kakwambia pampu ya dizeli imekufa, na juu ya hapo inachemsha kwenye vilima. Usitoe hela kwanza. Mimi ninayo Hilux LN106 yenye injini hiyo hiyo (3L ni jina la injini, ujazo wake ni lita 2.8), nabebea viazi Njombe, na nilishawahi kuingizwa mkenge huo. Pampu ikashushwa, ikaenda kupimwa, nikalipa, ikarudi. Kesho yake asubuhi wimbo ni ule ule. Mwishowe ubovu ukaonekana kwenye kipande cha mpira wa dizeli kisichozidi kiganja changu.

Anza na moshi. Mtu apige stata, wewe kaa nyuma uangalie ekzosi. Ukiona moshi mweupe wakati stata inazunguka, dizeli inafika kwenye silinda ila haishiki moto. Hapo shuku hita plagi, zile zinazopasha silinda moto kabla ya kuwasha, na zikiwa nzima ndipo uwaze kompresheni, yaani nguvu ya silinda kugandamiza hewa. Usipoona moshi hata kidogo, dizeli haifiki, na hita plagi uweke mpya hata nane hazitakusaidia.

Yangu ilikuwa haitoi moshi. Mzee mmoja dereva wa fuso ndiye aliyenipa jaribio ambalo mpaka leo silisahau: usiku laza gari kwenye mteremko, pua ikitazama chini, weka mawe kwenye matairi. Tanki liko nyuma, kwa hiyo linakuwa juu ya injini na dizeli haina pa kurudi. Asubuhi, baridi ni ile ile, hita plagi ni zile zile, na gari likawaka mara moja! Basi ilikuwa inavuta hewa usiku, dizeli inarudi tankini. Kama uko tambarare, njia ya mkato ni ile pampu ya mkono iliyo juu ya filta ya dizeli: ibonyeze asubuhi kabla hujapiga stata. Ikiwa laini, halafu ikakaza baada ya kubonyeza mara kadhaa na gari likawaka, jibu umelipata.

Kuipata hewa inapoingilia ndiyo kazi. Usitegemee kuona dizeli inadondoka, maana tundu linaloingiza hewa si lazima livujishe. Mimi niliweka mpira unaoonekana ndani kati ya filta na pampu, nikawasha, mapovu yakapita kama soda. Nikarudi nyuma kiungo kwa kiungo. Angalia ncha za mipira, hasa chini ya klipu, angalia ile pampu ya mkono yenyewe, na koki ya kutolea maji chini ya filta. Mpira wangu ulikuwa umepasuka chini ya klipu, juu unaonekana mzima kabisa.

Kama wako ni moshi mweupe, hita plagi zipo nne. Ondoa kile kibati kinachoziunganisha, chukua testa ya balbu, klipu yake ibane kwenye chanya ya betri, ncha igusishe kila plagi. Isiyowasha balbu imekufa. Inayowasha inaweza kuwa imechoka, lakini angalau uzi haujakatika. Kisha rudisha kibati, fungua swichi ya ufunguo bila kupiga stata, upime kama umeme unakifikia; usipofika, tafuta relei na fyuzi. Taa ya hita plagi kwenye dashibodi kuzima si ushahidi kwamba plagi zimepata moto. Mimi nilidanganywa na taa hiyo msimu mzima wa baridi, na baridi ya Njombe ya mwezi wa saba mnaijua.

Stata ikizunguka kwa uvivu, safisha waya wa eathi kutoka betri hadi kwenye injini kabla ya kununua betri.

Kuchemsha sasa. Kama ni kwenye mlima tu na tambarare iko sawa, chungulia mbele ya rejeta. Ya kwangu ilijaa matope na mabawa ya wadudu. Kisha feni: injini ikiwa ya moto na IMEZIMWA, izungushe kwa mkono. Ikizunguka bure kama pangaboi, klachi yake, ile inayoishika izunguke na injini, imechoka. Injini ikiwa ya baridi, fungua kifuniko cha rejeta, washa, uangalie maji. Mapovu yasiyoisha ni dalili ya gasketi ya hedi au hedi yenyewe kupasuka, na hapo usipandishe mlima wa Kitonga na mzigo. Fundi akikwambia atoe thamostati, ile inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, "ili ipoe", kataa. Kwa baridi ya huku injini itachelewa kupata moto na ugonjwa utabaki pale pale.

Jaribu mteremko usiku wa leo, halafu niambie imewakaje na moshi ulikuwa wa rangi gani.